Kisilinda chenye mshale: kwa nini mwanga wa leza unakwenda lakini haurudi

Swali: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni fundi wa faiba katika kampuni ndogo ya TV ya kebo na intaneti hapa Mwanza. Tulifungua transmita ya nanometa 1550 (huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake, usioonekana kwa jicho) iliyokufa ili tuone kama kuna kinachofaa kuokolewa. Kati ya leza na tundu la kutolea mwanga tukakuta kisilinda cha chuma, urefu kama sentimita tatu, chembamba kuliko kalamu, kina faiba kila upande na mshale mgongoni. Nilimulika taa nyekundu ya kutafutia mkatiko, hakikutoka kitu, si upande huu wala ule. Mwenzangu anasema kimeungua. Nimesoma kwamba kazi yake ni kupitisha mwanga upande mmoja tu, lakini shuleni tulifundishwa kwamba njia ya mwanga hurudishika. Inawezekanaje? Na kama kinazuia mwanga unaorudi, kwa nini tusimfungie kila mteja cha kwake?

Jibu: Marahaba. Nianze na mwenzako, maana asije akakitupa. Taa nyekundu haiwezi kukwambia kama kifaa hicho ni kizima au kibovu. Kinaitwa aisoleta ya mwanga, na moyo wake ni kipande cha fuwele ya garneti yenye chuma. Kwa jicho la binadamu kipande hicho ni cheusi tii. Mwanga wa taa yako uko kwenye nanometa 650 hivi, na garneti inaumeza wote, uumulike kutoka mkia wa mshale au kutoka ncha yake. Ukifika nanometa 1310 au 1550, fuwele hiyohiyo inapitisha mwanga karibu wote. Nimeona mafundi wazuri wakitupa aisoleta nzima kwa sababu ya taa nyekundu, na inaniuma, kwa sababu ni vifaa vya kuagiza nje na si vya bei ya konekta. Namna sahihi ya kuipima nitaieleza mwishoni.

Sasa lile la shuleni. Ulichofundishwa ni kweli kwa lenzi, vioo, prizimu na faiba yenyewe: nikikuona kwenye kioo, nawe unaniona. Hakuna mpangilio wa vitu hivyo, hata uwe na akili kiasi gani, utakaopitisha mwanga kwenda na kuukatalia kurudi. Ili kanuni hiyo iachie, unahitaji kitu ambacho kwake kwenda na kurudi si mamoja. Kitu hicho ni sumaku.

Mwanga ni wimbi, na wimbi hilo hutikisika kwa kukata njia yake: juu na chini, kushoto na kulia, au kwa pembe yoyote iliyo kati. Polaraiza ni kichujio kinachoruhusu mwelekeo mmoja tu wa mtikisiko. Mwaka 1845, katika Royal Institution ya London, Michael Faraday alipitisha mwanga uliochujwa hivyo ndani ya kioo kizito chenye madini ya risasi, kikiwa kati ya ncha za sumaku ya umeme. Alipowasha umeme, mwelekeo wa mtikisiko uligeuka. Kwa mwanga wa rangi moja, kiasi cha kugeuka kinategemea mambo matatu: nguvu ya uga wa sumaku, urefu wa njia ndani ya kioo, na aina ya kioo chenyewe.

Kugeuka peke yake si ajabu. Maji ya sukari nayo hugeuza mtikisiko wa mwanga bila sumaku yoyote. Tofauti iko kwenye kurudi. Sukari ni kama parafujo: itazame kutoka kichwani, itazame kutoka nchani, hesi zake zinazunguka upande uleule kwa anayetazama. Kwa hiyo mwanga uliogeuzwa digrii 45 wakati wa kwenda, ukirudi unageuzwa kinyume digrii 45 na kufika ulivyoondoka. Sumaku haifanyi hivyo. Upande wa kugeuka unaamuliwa na mwelekeo wa uga, si na mwelekeo wa safari ya mwanga. Ukienda unageuka digrii 45. Ukirudi haujikunjui, unaongeza 45 nyingine juu ya zile za kwanza. Jumla ni 90.

Weka basi polaraiza ya kwanza ikiwa imesimama wima, kisha kizungusho cha Faraday (kioo au fuwele iliyo ndani ya sumaku) cha digrii 45, kisha polaraiza ya pili iliyoinamishwa digrii 45. Mwanga wa kwenda unaingia ukiwa wima, unainama 45, unaikuta polaraiza ya pili imeinama vivyo hivyo, unapita. Mwanga wa kurudi unaingia ukiwa umeinama 45, unaongezewa 45, unafika kwenye polaraiza ya kwanza ukiwa umelala kabisa, nayo inaukataa. Lord Rayleigh aliueleza mpango huu mwaka 1885, miaka 75 kabla ya leza ya kwanza. Fizikia ya kifaa ulichokishika ni ya zamani kuliko simu ya mkononi, redio na transista. Kilichochelewa ni udogo.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi kubwa ilipofanyika. Kioo cha Faraday kinageuza mwanga kidogo sana. Hata fuwele bora inayotumika kwenye leza kubwa za viwandani, garneti ya terbiamu na galiamu, ikiwa kwenye uga wa tesla moja (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku) inahitaji karibu sentimita 2 ili kutimiza digrii 45 kwa mwanga wa nanometa 1064. Tesla moja inataka sumaku nzito, na kifaa kizima kinajaa kiganja. Hicho huwezi kukitia ndani ya moduli ndogo ya leza inayochomekwa kwenye swichi ya mtandao.

Mlango ulifunguliwa na garneti za chuma. Garneti ya itriamu na chuma, maarufu kama YIG, ilielezwa Ufaransa mwaka 1956. Yenyewe ni sumaku kwa ndani, kwa hiyo uga wa nje hauna kazi ya kuzalisha nguvu yote. Kazi yake ni kupanga sumaku ndogondogo zilizomo zitazame upande mmoja. Zikishajipanga, kwenye takriban tesla 0.18, fuwele imeshiba: ukiongeza uga, mzunguko hauongezeki. Hiyo ni neema kubwa kwa mtengenezaji, kwa sababu hata sumaku ikipungua nguvu kidogo kwa uzee au joto, pembe haiyumbi. Kwa nanometa 1550, YIG inahitaji unene wa zaidi ya milimita 2.5 kufikia digrii 45. Kisha wataalamu wakagundua kwamba ukibadilisha sehemu ya atomu za garneti na kuweka bismuthi, mzunguko unaongezeka mara kadhaa. Tabaka la garneti yenye bismuthi huoteshwa kutoka kwenye kimiminika cha moto juu ya bapa la garneti nyingine, na unene wa karibu nusu milimita unatosha kwa digrii 45. Kutoka sentimita 2 hadi nusu milimita! Sumaku nayo ikapungua ikawa pete ndogo ya samariamu na kobalti, na kuna garneti za aina moja ambazo zikishatiwa usumaku kiwandani hubaki nao, hazihitaji pete kabisa.

Ukikipasua kisilinda chako (usikipasue, kinaweza kuwa kizima), hicho ndicho utakachokiona: pete ya sumaku, na katikati yake kipande cheusi cha mraba chenye upana wa kama milimita moja.

Zipo aina mbili za aisoleta, na fundi akizichanganya hasara ni yake. Ya kwanza inakaa ndani ya kasha la leza yenyewe, kabla mwanga haujaingia kwenye faiba. Mwanga unaotoka kwenye leza ya semikondakta una mwelekeo mmoja wa mtikisiko, kwa hiyo polaraiza mbili na garneti katikati zinatosha. Polaraiza hizo ni vioo vyembamba vyenye chembe za fedha zilizovutwa zikawa ndefu, kama vile vinavyotengenezwa na Corning wa Marekani. Vipande vitatu vinagundishwa kama bapa moja, bapa linakatwa vipande vidogo, na kila kipande hakizidi milimita chache kwa urefu. Katika moduli nyingi za masafa marefu kipande hicho kipo, na fundi anaweza kumaliza miaka akizichomeka bila kujua.

Aina ya pili ndiyo uliyoikuta. Mwanga ukishasafiri kwenye faiba ya kawaida, mtikisiko wake unageuka hovyo kila faiba inapokunjwa, kubanwa au kupata joto. Ukiukutanisha na polaraiza, leo utapita nusu, kesho robo, keshokutwa wote. Suluhisho lilitoka Japani: mwaka 1982 Masataka Shirasaki na mwenzake Asama, wa Fujitsu, walichapisha muundo wa aisoleta ndogo ya faiba inayotumia kabari za fuwele badala ya polaraiza. Fuwele hizo hupinda mwanga kwa viwango viwili kulingana na mtikisiko wake. Lenzi ndogo inanyoosha mwanga kutoka kwenye faiba. Kabari ya kwanza inaugawa mionzi miwili. Garneti inazungusha yote miwili digrii 45. Kabari ya pili, ambayo fuwele yake imeelekezwa digrii 45 kutoka ile ya kwanza, inaisawazisha ikawa sambamba. Lenzi ya pili inaikusanya ndani ya faiba. Hakuna sehemu ya mwanga iliyotupwa, hata mtikisiko uje vipi.

Wakati wa kurudi, mzunguko wa sumaku unaifanya mionzi hiyo miwili ibadilishane nafasi. Ule uliokuwa ukipindwa sana sasa unapindwa kidogo, na mwenzake kinyume chake. Kabari haziwezi tena kuisawazisha. Inatoka ikiachana, na lenzi inaitua kando ya kiini cha faiba. Kiini hicho kina upana wa mikroni 9 tu, kwa hiyo hata kukosea kwa mikroni chache kunatosha. Mwanga unaorudi haukuzimwa: umekosa tundu. Nguvu yake inaishia kwenye gamba la faiba na kwenye kasha kama joto, na ndiyo sababu kila aisoleta ina kikomo cha nguvu. Nyingi za kawaida ni miliwati 300, karibu 25 kwa kipimo cha dBm cha mita ya nguvu. Kwa mtu wa TV ya kebo mwenye EDFA kubwa (kikuza mwanga chenye faiba ya erbiamu), namba hiyo si ya kupuuzwa.

Kwa nini basi leza inaogopa mwanga wake mwenyewe? Leza ya DFB, aina ya leza ya semikondakta inayotoa rangi moja safi, inajenga mwanga kwa kuurudisha ndani mara nyingi, kila wimbi likipatana na lililotangulia. Mwanga unaotoka nje, ukagonga konekta chafu na kurudi, unaingia tena ukiwa umechelewa na haupatani na chochote. Mwaka 1980 Roy Lang na Kohroh Kobayashi waliandika milinganyo ya jambo hili, na mpaka leo watafiti wanaitumia. Mwaka 1986 Tkach na Chraplyvy wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, wakapima leza za mikroni 1.5 na kugawa hali zake katika ngazi tano, kulingana na kiasi kinachorudi. Ngazi moja ni mbaya kweli: rangi ya leza, ambayo inapaswa kuwa mstari mwembamba, inavimba hadi makumi ya gigahezi na nguvu yake inatapatapa. Kufika huko kunaweza kuhitaji kurudi kwa sehemu moja tu kati ya elfu kumi, na kwa baadhi ya leza hata kidogo zaidi.

Linganisha na unachokutana nacho kazini. Kichwa cha bluu, yaani konekta yenye uso usioinama, kilichoachwa wazi kinarudisha karibu asilimia 3.5 ya mwanga, yaani mara 350 ya kiwango hicho. Kichwa cha kijani kimekatwa kwa pembe ya digrii 8, na mwanga unaoakisiwa hauingii tena kwenye kiini. Kikiwa kisafi, kinachorudi ni sehemu moja kwa milioni hivi. Ndiyo maana TV ya kebo kwenye 1550 inasisitiza kijani. Mawimbi ya TV ya analojia ni dhaifu mbele ya kelele, na leza ikitapatapa mteja anaona chenga kwenye skrini kabla mita yako haijaonyesha tatizo lolote.

EDFA inaihitaji aisoleta kwa sababu nyingine. Faiba yenye erbiamu haichagui upande, inakuza mwanga unaokwenda na unaorudi vilevile. Ukiwa na akisi upande wa kuingilia na upande wa kutokea, mwanga unaenda na kurudi kati yake ukikuzwa kila safari, na kikuza mwanga chako kinageuka leza. Ndiyo sababu EDFA iliyotengenezwa vizuri ina aisoleta mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Tabia hii inafika mpaka baharini kwetu. Nyaya za SEACOM, iliyoanza kazi 2009, na EASSy, iliyoanza 2010, zina vikuza mwanga vingi vilivyolala chini ya Bahari ya Hindi. Kwa kuwa ndani ya vikuza mwanga vya aina hiyo mna aisoleta, ukipeleka pigo la OTDR ya kawaida, kifaa kinachopima faiba kwa mwangwi wa mwanga, kutoka ufukweni, mwangwi wake kutoka ng'ambo ya kikuza cha kwanza hauna njia ya kurudi. Wahandisi wa nyaya za bahari wanatumia OTDR ya aina nyingine, inayotegemea vichochoro vya makusudi ndani ya kila kikuza: mwangwi unahamishwa kwenye faiba pacha inayoelekea nyumbani. Mei 2024, nyaya hizo mbili zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini na intaneti ikazorota Tanzania na Kenya, watu wengi waliniuliza inakuwaje mkatiko chini ya bahari ukajulikana mahali ulipo kabla meli haijatoka bandarini. Vichochoro hivyo ni sehemu kubwa ya jibu.

Sasa swali lako la mwisho. Usimfungie mteja aisoleta. Laini yake ni barabara ya kwenda na kurudi kwenye faiba moja: OLT, mtambo wa kwenu ofisini, inashusha nanometa 1490, TV inashuka kwenye 1550, na ONT, kifaa kilicho nyumbani kwa mteja, inapandisha 1310. Aisoleta ikielekezwa kwa mteja inaua ile 1310. Utafika nyumbani kwake utaona taa ya LOS, ile ya kuonya kwamba mwanga umekatika, imezimika, maana mwanga wa kushuka upo, lakini taa ya PON, ya mawasiliano na OLT, inapepesa tu bila kutulia, kwa kuwa OLT haimsikii. Utabadilisha ONT mara tatu bure. Ni hivyohivyo kwa moduli zinazotumia faiba moja kwa pande zote mbili.

Mahali pake ni baada ya transmita ya TV, na kwenye milango ya EDFA, kabla mwanga wa TV haujachanganywa na wa PON, yaani wa intaneti. Na mara nyingi mtengenezaji ameshaiweka. Ukiongeza yako unapoteza karibu nusu desibeli, ambayo ni kama asilimia 11 ya mwanga uliolipia. Kwa uzoefu wangu, mtu anayetafuta aisoleta ya kuongeza huwa anatafuta tiba ya konekta chafu, au ya kichwa cha bluu kilicholazimishwa kwenye adapta ya kijani. Safisha kwanza. Kagua kila uso wa konekta kwa darubini, rudia viungo vibovu, ziba milango isiyotumika ya splita (kigawa mwanga). Baada ya hapo ndipo tuzungumze kununua.

Jambo moja la joto, kwa sababu makabati yetu yanakaa juani. Kila hatua ya aisoleta, yaani seti moja ya garneti na kabari zake, inazuia kulingana na usahihi wa ile digrii 45. Ikikosea digrii 1, kizuizi hakiwezi kupita desibeli 35 (kila desibeli 10 hupunguza mwanga mara kumi). Ikikosea digrii 2, ni 29. Ikikosea 3, ni chini ya 26. Garneti nyingi zenye bismuthi hupoteza kama digrii 0.06 kwa kila sentigredi moja ya joto, kwa hiyo kabati likipanda kutoka 25 hadi 65, pembe imeyumba digrii 2.4 na hatua moja imebaki na desibeli 27 au 28. Ndiyo maana zipo aisoleta za hatua mbili, zinazozuia desibeli 45 na zaidi, na kwa kabati la nje ningechagua hizo bila kusita. Urefu wa wimbi nao unageuza pembe: aisoleta ya 1550 ukiipa 1310 inazungusha kupita kiasi, na kizuizi kinaporomoka.

Sasa ipime yako. Tafuta chanzo cha mwanga cha nanometa 1550, si 1310 wala taa nyekundu, pamoja na mita ya nguvu. Unganisha vichwa vya kijani kwenye mikia yake kwa viungo vizuri, safisha kila uso, na usichungulie ncha yoyote, kwa sababu mwanga huu hauonekani lakini unaweza kuumiza jicho. Pima kwanza chanzo moja kwa moja kwenye mita na uandike namba. Kisha weka aisoleta mshale ukielekea mita: upungufu uwe chini ya desibeli 1 ukijumlisha konekta. Geuza, mshale uelekee chanzo: upungufu uwe desibeli 30 au zaidi kwa hatua moja, 45 au zaidi kwa hatua mbili. Ukipata desibeli 3 au 4 upande wa mshale, kuna lenzi au gundi iliyoungua ndani, achana nacho. Ukipata upungufu mdogo pande zote mbili, sumaku au garneti imeharibika, na hicho ni kibaya zaidi kwa sababu kikirudishwa kazini kitapitisha mwanga vizuri na hutakishuku. Kikifaulu pande zote, kivalishe kofia za vumbi, kiweke kwenye mfuko wake peke yake, na uandike juu yake 1550, namba mbili ulizopata na kikomo chake cha nguvu, ili atakayekichukua asikiweke mbele ya EDFA inayotoa zaidi ya hapo.